Mkanda wa Bega la Kushoto

Simu iliita saa tano kasoro asubuhi, nami nimeinama juu ya meza ya kukatia, chaki sikioni. Nikaona jina la kaka yangu kwenye kioo. Alikuwa na tabia ya kunipigia akiwa safarini ili anichokoze, kwa hiyo nikapokea kwa utani, nikamuuliza leo amemtoa jasho mgeni gani. Upande wa pili nikasikia mtu anahema kama aliyetoka kupanda ngazi, na haikuwa pumzi ya kaka.

"Mdogo wangu," sauti ya Spana, rafiki yake kaka, ilisema, "kaa chini kwanza."

Sikukaa. Akaniambia Mwalimu amepata ajali darajani, amepelekwa hospitali ya wilaya, na niende na mtu mzima mwenzangu. Anayeambiwa aende na mtu mzima mwenzake hahitaji kuongezewa neno. Nikasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, nikafunga duka na kuacha gauni la mtu chini ya sindano.

Kaka yangu hakuwa mwalimu wa darasani. Alikuwa dereva wa shirika la kuchimba visima, na jina hilo alipewa na wageni. Kila mhandisi aliyeletwa kutoka nchi za mbali alikabidhiwa kwake wiki tatu ajifunze barabara zetu. Leseni walikuwa nazo, tena za miaka mingi, lakini siku ya kwanza walikuwa wanagandia kwenye mzunguko wa sokoni kama kuku aliyefungwa kamba, wakingoja mtu awape nafasi. Kaka alikuwa anawaambia kwamba hapa nafasi haitolewi, huombwa kwa pua ya gari. Honi ya kwetu, aliwaambia, si tusi, ni hodi. Na indiketa ni dua: iombe, lakini fungua macho.

Alikuwa mfupi. Ili aone vizuri mbele ya boneti nilimshonea mto wa sponji wenye kitambaa cha bluu, na wenzake walimtania kwamba anaendesha akiwa amekalia mimbari. Alikuwa anajibu kwamba warefu ndio wanaogonga ng'ombe kwa kutazama mbali. Hakuwasha gari bila kusema bismillahi, na mama mmoja mgeni alilishika neno hilo mpaka akawa analisema hata akiwasha jiko. Miaka kumi na tisa kaka aliendesha bila kumwangusha hata kuku wa mtu. Hakuwa na nyumba ya kuonyesha wala shamba. Alikuwa na hiyo miaka kumi na tisa, na alipoitaja alinyanyua kidevu.

Spana alikuwa fundi wa magari wa shirika hilohilo. Kazi alitafutiwa na kaka, chumba cha kwanza alitafutiwa na kaka, na siku ya ndoa yake aliyesimama upande wake ni kaka. Kwetu aliingia bila hodi na kufunua vyungu jikoni. Shemeji yangu, mke wa kaka, alikuwa akimwambia, "Wewe Spana, ukikosa kwako ndiyo unakumbuka ndugu." Naye alijibu kwamba ndugu mwenye chungu kitupu ni jirani tu.

Mgeni wa mwisho kufundishwa na kaka tulimwita Mhandisi. Alikuja akiwa muoga kupita kiasi, kila lori likimfanya avute miguu. Baada ya miezi mitano aligeuka. Akawa anapiga honi kuliko madereva wa mabasi na anayapita magari kwenye vilima, na akiambiwa pole pole anajibu kwa Kiswahili chake kwamba yeye sasa mwenyeji. Jumapili moja kabla ya msiba kaka alikaa dukani kwangu akinywa maji, akaniambia jambo ambalo nililicheka.

"Yule sasa anaendesha kama sisi," alisema. "Ndicho kinachonitisha."

Nilimuuliza si ndiyo kazi aliyomfundisha. Akasema kuna jambo moja alimfundisha anatamani angelinyamazia. Barabara yetu ya kwenda visimani ni ya magari mawili, ila watu wameizoea kama ya matatu: ukimpita mwenzako na gari lingine linakuja, lile linalokuja hushuka pembeni kwenye vumbi likakupisha, nanyi mkapishana watatu sambamba bila hata kununiana. Mhandisi alilipenda jambo hilo kama mtoto aliyeonyeshwa mazingaombwe. Ila kaka aliona kwamba ameshika kupishwa tu, hajashika kutazama kama huyo wa mbele ana pa kushukia. Kwa hiyo alimkataza kushika usukani nje ya mji, na utaratibu wa ofisi nao ulikuwa huohuo: nje ya mji mgeni haendeshi.

Hospitalini nilimkuta Spana kwenye benchi, shati lina damu lakini mwenyewe hana hata mkwaruzo. Alinikumbatia akalia, nami nikalia. Akaniambia kaka alikuwa analipita lori darajani, pikapu ikatokea mbele, akakwepa kushoto na kujipigiza kwenye kona ya bodi la lori. Pikapu ilijibamiza ukutani mwa daraja, na mke wa mwenye pikapu alivunjika nyonga zote mbili. Mwenye pikapu alizinduka wodini, hakumbuki kitu. Mhandisi aliteguka mkono, na ofisi ilikuwa tayari inamtafutia ndege ya jioni akatibiwe kwao.

Nilisema tu, "Kaka apite lori darajani?"

"Ibilisi hana siku maalumu, mdogo wangu," Spana akasema.

Ili tupewe mwili ilibidi nipitie kituo cha polisi nichukue kibali. Askari wa barabarani aliandika taratibu, na pale pa jina la dereva aliyesababisha ajali aliandika jina la kaka, lote, na la baba yetu mwishoni. Akasema ndivyo alivyoeleza shahidi, fundi aliyekaa nyuma, na ndivyo ofisi ilivyothibitisha kwa barua. Niliomba nilione gari. Lilikuwa uani, limepondeka ubavu wote wa kushoto. Mlango wa kulia, ule wa dereva, ulifunguka nilipouvuta kwa vidole viwili. Kiti cha dereva kilikuwa kimerudishwa nyuma mpaka mwisho. Mto wa bluu ulikuwa kiti cha kushoto, umebanwa na vyuma. Nilimuuliza askari, mtu mfupi angefikaje kwenye klachi kwa kiti kile. Akanitazama, akatazama karatasi yake, akasema mambo ya ajali hayana kanuni.

Kurudi nyumbani nikakuta maneno yamenitangulia. Ukumbini kwa shemeji wanawake walikuwa wanasoma, na kibarazani wanaume wananong'ona. Mmoja, hakuniona, alisema kumbe naye Mwalimu alikuwa walewale tu wa mbio, na mke wa watu amelemazwa. Shemeji alisikia. Hakulia kwa sauti. Aliniita pembeni akaniambia, "Shemeji, watoto wa mtu huyu watasoma shule moja na watoto wa yule mama. Nitawaambia nini?" Tangu dakika ile nilijua kwamba kabla hatujamfunika kaka kwa mchanga, jina lake lilitakiwa litolewe kwenye ile karatasi.

Asubuhi ya pili tukamwosha. Tulikuwa wanne chumbani: mzee mwosha maiti wa msikiti wetu, mjomba, mimi, na Spana aliyeomba yeye amimine maji. Mzee alifunua kifua na pale mkono wangu ukasimama. Alama ya mkanda wa gari ilikuwa imeandikwa kwenye ngozi, pana, nyeusi, imenyooka kama nimepiga mstari kwa rula. Ilianzia bega la kushoto ikashuka mpaka nyonga ya kulia. Mimi ni fundi cherehani, macho yangu yamezoea mishono. Magari yetu usukani uko kulia, na mkanda wa dereva hushukia bega la kulia. Huo ulikuwa mkanda wa abiria.

Nilimtazama Spana. Maji yalikuwa yanamwagika sakafuni, kata imeinama mkononi mwake, naye anaangalia palepale ninapoangalia mimi. Mzee alimwambia, "Mimina juu ya maiti, mwanangu, si juu ya miguu yangu." Akamimina. Tukamaliza, tukamkausha, tukamvisha sanda, hatukusema lolote, kwa kuwa ya chumba kile hayasemwi mle.

Nje nilimkuta kwenye bomba ananawa. Nilimuuliza nani alikuwa anaendesha. Kwanza alisema si wakati wake. Nikamwambia nimeona kiti, nimeona mto, na alama ameiona na yeye. Akafunga bomba, akaongea huku ananitazama miguu.

Mhandisi aliomba ufunguo baada tu ya kutoka mjini. Kaka alikataa mara mbili. Mara ya tatu ni Spana mwenyewe, kule nyuma, aliyesema, "Mwachie bwana, Mwalimu, si umemfundisha wewe? Au hukufundisha vizuri?" Wakacheka. Kaka akasimamisha gari, akachukua mto wake, akahamia kushoto. Walipofika darajani Mhandisi akaanza kulipita lori. Kaka alimwambia, "Hapa hana pa kukupisha," na hilo likawa neno lake la mwisho lililosikika.

Kaka alikosea. Nalisema kwa sababu Mungu hapendi uongo hata wa mapenzi: hakutakiwa kutoa ufunguo. Lakini kutoa ufunguo na kuendesha ni mambo mawili.

Nilimuuliza Spana kwa nini alimtia mwenzake hatiani.

"Marehemu hafungwi," alisema. "Yule angefungwa, mradi ungefungwa, na sisi sote tungerudi majumbani. Mkuu wa ofisi aliniuliza mara moja tu nani alikuwa dereva. Nikasema dereva ni dereva."

"Na kaka yangu?"

"Mwalimu angenielewa."

Pale ndipo nilipotaka kumpiga. Nilimkumbuka shemeji, nikajizuia. Nikamwambia kituo cha polisi si mbali, achukue pikipiki aende akaeleze kama alivyonieleza mimi. Nitamwomba imamu asubiri. Akirudi amesema ukweli, atashuka kaburini nasi, kama kaka mwenyewe angetaka. Asiposema, asikanyage makaburini. Alilia tena. Akasema, "Nakwenda, wallahi nakwenda." Akaenda.

Imamu alikubali kusogeza mazishi kidogo, ingawa si vizuri kumchelewesha maiti, na watu waliuliza wakajibiwa kuna ndugu anasubiriwa. Baada ya saa nzima na zaidi pikipiki ikarudi. Spana alinifuata moja kwa moja, akanishika mabega.

"Nimewaambia," alisema. "Wameandika upya. Msamehe ndugu yako."

Nilimsamehe. Nilimkumbatia mbele ya watu, nikaingia ndani nikamwambia shemeji kwamba jina la mumewe limesafika. Akasema alhamdulillah mara tatu na kwa mara ya kwanza akalala kidogo, ameegemea ukuta.

Baada ya siku tisa nilikwenda kituoni kuomba nakala. Askari ni yuleyule na karatasi ni ileile. Jina la kaka lilikuwa palepale, na la baba mwishoni. Nilipotaja fundi aliyekuja siku ya mazishi, alisema siku ile alikuwa zamu tangu alfajiri na hakuja mtu. Baadaye muuza chai wa njia panda aliniambia Spana alikaa kwake siku hiyo saa nzima, pikipiki imeegeshwa kivulini, akaagiza chai asiinywe. Nilipomfuata alikuwa amehamishiwa kituo kingine cha mradi, na simu yangu haipokei. Nimeandika barua mbili za kueleza alama ya mkanda, mzee mwosha maiti amekubali kuapa kwa aliyoyaona, na mpaka leo sijajibiwa. Mhandisi hakutuma hata salamu, naye alikula sahani moja na watoto wa kaka. Huyo namwachia Mola wake. Wa kwangu ni yule mwingine.

Lakini siku ile sikujua lolote kati ya hayo, na nitaeleza tulivyomzika kama ilivyokuwa.

Tulimswalia baada ya adhuhuri. Imamu aligeuka akatuuliza tunamshuhudiaje ndugu yetu, watu wakajibu alikuwa mtu wa heri, na sauti ya Spana ilikuwa juu kuliko zetu. Tulipokezana jeneza mpaka makaburini, yeye akashika mguu wa mbele na hakukubali kupokelewa. Kaburini tulishuka watatu. Mjomba alikaa miguuni, mimi katikati, Spana kichwani. Tulimpokea, tukamlaza kwa ubavu wa kulia, tukamwelekeza kibla. Spana ndiye aliyemfungua kamba ya kichwani na kumwekea shavu kwenye udongo, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Tukapanga mbao, tukaziba mianya kwa udongo uliolowa. Mjomba akatoka, nami nikatoka. Spana alibaki wa mwisho, kaburi lina kina na mikono yake imejaa tope, hawezi kupanda. Nikampa mkono wangu nikamvuta juu.

Kisha tukafukia. Kila mmoja alitupa konzi tatu, halafu majembe. Maji yakamwagwa, imamu akaomba dua, tukaitikia amina. Jua lilikuwa bado liko juu tulipoanza kurudi nyumbani.