Nani Aniombe Chumvi?

Jumapili iliyopita, kanisani Sepuka, mchungaji alitutaka kila mmoja amgeukie jirani amwambie, "Nilicho nacho ni chako." Tukageukiana, tukasema, tukacheka. Kisha akauliza, "Nani ana shida ya kitu? Anyooshe mkono, jirani ampe."

Hakuna aliyenyoosha. "Bwana asifiwe, hatuna mhitaji!" akashangilia mchungaji.

Bibi mmoja wa benchi la mbele akasimama, akisokota ncha ya khanga yake. "Mchungaji, zamani duka la ushirika likikosa chumvi, majirani walikuja kuomba kwangu. Tunakaa jikoni, tunaongea mpaka mboga inaiva. Tangu biashara iwe ruksa, maduka ni tele, kila mtu ana pakiti yake. Kutoa nataka. Sasa nani aniombe?"

Mchungaji akatangaza wimbo.

Nyumbani kwangu kuna pakiti nzima ya chumvi, haijafunguliwa. Wenye maduka wanisamehe. Jioni ile nilisimama mlangoni kwa yule bibi. "Hodi! Shikamoo, bibi. Naomba chumvi kidogo."

"Marahaba, mwanangu!" Alikuwa ameshavuta kigoda. "Kaa kwanza. Chumvi haiombwi kwa kusimama."