Bugali kwa Chumvi

Sisi tuliokulia kijijini Titye enzi za jembe la mkono hatukulijua neno lishe, wala hatukuwahi kununua mboga za majani. Ungezinunua kwa nani? Palizi ndiyo ilikuwa soko letu. Asubuhi umande ukiwa bado juu ya mahindi, mama alitugawia mistari, mimi na mdogo wangu Elia, tukapalilia mpaka viuno vikatuuma. Magugu tuliyatupa pembeni. Lakini mchicha, majani ya maboga na isogi tulivizunguka kwa ncha ya jembe, taratibu, tusivikwaruze. Isogi, kwa asiyeijua, ndiyo mgagani, mboga chungu inayojiotea yenyewe penye majivu na samadi. Sijawahi kumwona mtu wa kwetu akiipanda.

"Kinacholiwa si gugu," mama alisema, na hakuwa anatania. Jioni alipita kwenye marundo ya magugu akiyafukunyua kama kuku. Aliyekata isogi hakuchapwa. Aliwekewa bugali wake wa muhogo na chumvi kwenye kisosi, basi, huku sisi wengine tukichovya kwenye isogi iliyoungwa kwa mawese na karanga. Siku moja Elia alikuwa na haraka ya kwenda kucheza mpira wa makaratasi, akafyeka mstari mzima. Jioni machozi yalimdondokea kwenye tonge. Mama alipogeuka kuchochea moto, nilimpenyezea mboga kutoka kiganjani mwangu, akaimeza bila kutafuna.

Na matunda je! Mapera tulikula mpaka tukafunga choo, tukacheka, kesho yake tukarudi mtini. Wanangu mimi, waliozaliwa Kibondo mjini, nikiwaonyesha isogi wananiuliza kama hayo si majani ya mbuzi. Pera lenye doa hawaligusi, ila biskuti ikianguka chini wanaipuliza vumbi na kuila. Hayo nayacheka. Kuna mengine siyacheki.

Msimu huu wa mvua wifi yangu, mke wa Elia, alinipigia simu. Bado wanaishi palepale Titye, kwenye nyumba ya mama, Mungu amlaze pema. Binti yao Riziki alikuwa amepelekwa kliniki, damu yake imeonekana ndogo. Mtoto analala mchana, akitembea kidogo anahema. Muuguzi amesema apewe mboga za majani na matunda kila siku.

"Tutatoa wapi, wifi?" akalalamika. "Fungu la mchicha siku hizi ni vijiti vitupu. Maisha magumu."

Fungu? Watu wa Titye wananunua mchicha kwa mafungu? Nikafunga safari.

Nilimkuta Elia uwanjani akiosha bomba la dawa, meno yote nje.

"Karibu, dada! Umeona palivyotakata? Dawa ya magugu ya shambani ilibaki, juzi nikapulizia na hapa nyumbani, mgeni asikute pori."

Nikazunguka nyuma ya jiko, pale mama alipokuwa akimwaga majivu. Isogi ilikuwa imeota hadi magotini, na yote ilikuwa imelegea, imejikunja, imegeuka njano. Nikaenda shambani. Mahindi yalisimama peke yake, hakuna haragwe, hakuna boga, hakuna mchicha, maana dawa ile huacha mahindi tu. Ndani, Riziki alikuwa amekaa mkekani, viganja vimepauka, anapewa juisi nyekundu ya unga, eti rangi ile inaongeza damu. Na nje mapera yanaoza chini ya mti!

Nilikasirika, na hadi leo sijapoa. Ningekuwa nimemkuta kijana wa mjini ningemsamehe, hajui. Huyu aliinama pamoja nami kwenye mistari ile. Jembe linachosha, nakubali, mgongo wangu ni shahidi. Lakini unanunua sumu ya kuua chakula, kisha unakwenda sokoni kununua chakula kilekile, kisha unakaa unalia maisha magumu! Akili gani hiyo?

Nilichuma mapera mazuri mtini, nikayaosha, nikampa mtoto. Kisha nikaenda kwa jirani, mama mmoja ambaye bado anapalilia kwa jembe, nikaomba nichume. Alinijazia kanga, akacheka kwamba nimetoka Kibondo kuja kuomba isogi Titye. Mimi sikucheka.

Jioni niliiunga mwenyewe, kwa mawese na karanga. Harufu ilipotanda nikamkumbuka mama kwa uchungu. Alitulea kwa gauni moja la kanisani, paa linavuja, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuambiwa damu yake ni ndogo. Leo nyumba ina bati na simu tatu, na mtoto anahema akitembea uwanjani.

Nikapakua. Riziki nilimpakata, wifi na watoto wengine wakapata bakuli lao. Mbele ya Elia nikaweka bugali, na chumvi kwenye kisosi.

Wifi akashtuka, akataka kusema neno. Elia akamzuia kwa kutikisa kichwa. Aliitazama ile chumvi muda mrefu, mwanamume mwenye mvi tayari, kisha akakata tonge na kulichovya. Alipokuwa akitafuna aliinua macho akautazama mkono wangu.

Mkono wangu ulikuwa na mboga. Nikampa Riziki.