Mchezo wa Kinyumenyume

Nilipokuwa mtoto pale Igogo, bibi alitukataza kutembea kinyumenyume. Alisema mtoto anayefanya hivyo humuua mama yake. Nilikuwa na miaka tisa, mdogo wangu Masanja mitano, na ni mimi niliyemfundisha mchezo huo: kurudi nyuma kutoka mlangoni hadi kwenye jiwe kubwa bila kuanguka. Alipofika nilimpigia makofi.

Wiki hiyohiyo mama alijifungua, akafa yeye na kichanga.

Siku ya tatu ya msiba, Masanja akiwa ameng'ang'ania mkono wangu, nilimwinamia nikamnong'oneza, "Wewe ndiye uliyemuua mama. Ulitembea kinyumenyume."

Nadhani mzigo ulinielemea, nikatafuta wa kumtwisha. Hakulia. Aliniachia mkono, na tangu hapo akawa anatembea akichungulia nyayo zake. Chakula alikipokea kwa shangazi tu. Nikimpa mimi, alikataa kula.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa amekuja kutoka Kisesa kumsaidia mama kujifungua, akabaki kutulea. Alimdodosa Masanja taratibu hadi akasema. Sikupigwa. Asubuhi alituchukua sote wawili ufukweni, ambako wavuvi walikuwa wakivuta kokoro. Wanaume kama kumi walishika kamba, wakaegemea nyuma, wakarudi kinyumenyume mchangani, hatua kwa hatua, mpaka wavu ukatoka ziwani.

"Mama zao wale pale, wanasubiri samaki," shangazi alimwambia Masanja. "Mama yako alitokwa na damu nyingi, baba. Mimi ndiye niliyemshika kichwa. Wewe hukumfanya lolote."

Kisha akanigeukia, akangoja.

"Mimi ndiye niliyekufundisha," nikamwambia Masanja. "Niliogopa, nikakusingizia."

Hakunishika mkono siku ile, wala mwezi ule. Mwishoni mwa mwaka ukaja Uhuru. Mjini ngoma zililia, watu wakasukumana, na katikati ya msongamano nikasikia gauni langu likivutwa. Alikuwa ameshika pindo. Pindo tu. Mkono ulikuja baadaye sana, na sikumbuki siku yenyewe.

Sasa sote tuna mvi. Ananiachia wajukuu wake bila wasiwasi, na hajawahi kunikumbusha. Bibi simlaumu; alisema alichoambiwa na waliomlea, na alituambia wote kwa sauti, uani. Maneno yangu niliyachagua mwenyewe, nikayanong'oneza sikioni mwa mtoto aliyekuwa amenikimbilia mimi.