Kile Nilificha Chini ya Kitenge ya Redio

Nilikosa. Naandika neno hii mbele, ili nikianza kuzunguka, na mimi nazunguka mingi, musifikiri niko natafuta kukimbia. Nilikosa, na mutu ule nilikosea iko muzima, tunaonana ku misa. Jina yangu sitaandika. Yeye nitamuita Déo, na haiko jina yake.

Lakini siwezi kuanzia kwa Déo. Lazima nianzie kwa nguruwe.

Ilikuwa nguruwe ya katekista, ku Bagira, zamani, ningali kijana mwenye meno yote. Katekista alitaka ichinjwe juu ya Noeli, aliita vijana wane tuishike. Wale watatu walishika miguu. Mimi, kiburi tu, nilisema nitashika kichwa. Sasa katekista alikuwa mutu wa sala mingi. Alisema kwanza tufunge macho, tubariki chakula. Tulifunga macho. Nguruwe haikufunga.

Ilikamata kidole gumba yangu ya kuume, ikaitafuna kama muwa! Infirmier aliishona, lakini naye Noeli yake ilikuwa imeanza mapema, njo maana aliishona kombo. Tangu siku ile kidole haikunjike. Inasimama tu, kama ya mwanafunzi anaomba ruhusa ya kujibu. Mimi masomo niliachia ku cinquième primaire, mwaka wa tano. Kidole yangu ingali inaomba ruhusa.

Na kidole kama hii huwezi kufyatua matofali, huwezi kushika randa. Nilijaribu vyote, nilifukuzwa kote. Mwisho nilipata kazi ya sentinelle, kulinda nyumba ya watu, kufungua portail na kuifunga. Ngambo ya barabara kulikuwa kibanda ya Déo, mutengenezaji wa maredio. Akikosa kazi, alikuwa anapiga gitare kavu, ile bila courant ya umeme. Siku moja aliona kidole yangu. Wengine walikuwa wanacheka. Yeye aliishika, akaizungusha kama anapima bisi ya kufungia redio, akasema: "Vieux, hii ni marteau, nyundo ya kugonga kamba. Kuja nikufundishe."

Wala hatukuwa wazee wakati ule. Lakini jina ilibaki. Njo vile nilijua gitare, sababu ya nguruwe.

Sasa redio.

Papa ya Déo alikufa akiacha mabibi wawili na redio moja. Mabibi waligombana juu ya nyumba, Déo alichukua redio, hakuna mutu alimuuliza. Ilikuwa ya mbao, kubwa kama sanduku ya mutu anaoa, ile ya zamani ya malampe: vichupa vya kioo ndani, vinawaka polepole, vinapata moto, ndipo sauti inatoka. Déo aliifungua, akatengeneza tundu ya kuchomeka gitare ya courant, kuukuu, ile nilikuwa nimenunua. Yeye na gitare yake kavu na sauti yake ya kuimba, mimi na marteau yangu ndani ya redio ya papa yake.

Aï, ile sauti! Ya mafuta-mafuta, na kukwaruza kidogo ku mwisho, kama muzee anasimulia na kikohozi. Na ilikuwa na huruma. Nikigonga kamba vibaya, redio inapaka mafuta, watu wanasema ni style.

Tulicheza kila dimanche kisha misa ya pili, mu nganda ya Maman Zawadi, nyumba yake ya pombe, miaka ile siwezi kuhesabu. Hatukuwa orchestre. Watu wawili, nyimbo tatu na nusu. Ile nusu ni wimbo tulisahau mwisho yake.

Na kulikuwa desturi. Redio ikiwashwa, haiongei mara moja. Déo anaingiza kiganja chini ya kitenge ile iliifunika, anaiweka juu ya mbao, anangojea. Mbao ikipata moto, anasema: "Papa amefika." Na nganda yote, hata walevi, hata wale hawakumujua ule muzee, wanajibu: "Akaribie." Ndipo tunaanza. Siku moja mugeni alicheka desturi yetu. Maman Zawadi alimunyanganya kasiksi yake, pombe ya ndizi, akamuonyesha mulango.

Kila musimu wa muchele, Déo anashuka Luvungi kwa wakwe zake, mwezi muzima, kusaidia mavuno. Redio inabaki kwangu. Hakuwa mutu wa kuacha maagizo mengi. Alisema tu: "Usiiweke karibu na mbuzi."

Sikuiweka karibu na mbuzi. Mbuzi ingekuwa afadhali.

Musimu ule alifika mikiliste, maana yake mutu anaishi Ulaya na anarudi na viatu vyeupe mu matope yetu. Iko bwana ya mutoto ya dada yangu, alikuja juu ya dot, mahari ya mudogo wake. Kule Ulaya anaendesha bisi ya abiria, na dimanche anapiga gitare ya kujifurahisha, sawa na sisi. Alikuwa na mashine. Kisanduku nyeusi, unene wa Biblia ya padiri, na kioo ya kuwaka kama telefone. Alisema ndani yake kuna maampli mia mbili, vile vyombo vya kukuza sauti ya gitare, vya bei kali, vya wanamuziki wakubwa, yote imeigwa humo ndani. Unazungusha kifungo, unachagua.

Nilimuuliza kama inaweza kuiga redio yetu. Niliuliza kwa kumutania tu.

"Papa, itaikopi yote," alisema. "Utafunga macho, utajipotea mwenyewe."

Aliunganisha mashine na redio, akaweka mikro mbele. Mashine ilianza kutoa makelele ndani ya redio, mara filimbi, mara muungurumo kama tumbo ya mutu alikula maharagi mabichi. Kisha dakika kidogo ikanyamaza. Ilikuwa imeisha kukopi. Alinifunga macho na kitambaa, akanipigia moja, akanipigia ingine. Nilisema ya kwanza njo redio. Ya kwanza ilikuwa mashine.

Tulirudilia. Nilikosa tena.

Kuna watu watasema kile kitu ni uongo. Hapana. Nasema kweli, inaiga vizuri sana, na njo ilinipoteza. Ingekuwa mubaya, ningebaki mutu muzuri.

Mikiliste naye macho yake ilikuwa ku redio. Alisema kule kwake watu wanatafuta vitu kama ile, wanaviweka mu salon, wageni wanashangaa. Yeye anapata mashine ingine mupya akirudi. Aliniambia tubadilishane.

Nilipaswa kusema haiko yangu. Neno ndogo ile! Nilikuwa nayo ku ulimi. Lakini nilianza kujihesabia sababu. Kwamba redio iko nzito na mugongo yangu imechoka kuipandisha. Kwamba malampe hayapatikane tena, siku moja ikikufa tutafanya nini. Kwamba sauti haipotei, iko ndani ya kisanduku. Na sababu ya kweli, ile ya chini kabisa: nilijiona nimekaa mu nganda, mbele yangu kioo inawaka, watu wanauliza ule muzee anashika nini. Mimi, wa cinquième primaire!

Alifunga redio mu mablanketi mawili, akaenda nayo.

Siku za kwanza nilikuwa kama mutoto na sukari. Ile ya kwanza, ile ya kumi, ile ya makumi mbili. Majina yote mu Kiingereza, sijui kusoma hata moja. Kuna moja ilifanya maman wa jirani atoke na ndoo ya mahindi, aliuliza kama tumefungua moulin ya kusaga. Kuna ingine ilifanya sauti kama niko chini ya kisima naomba musaada. Niliingia ku maampli asubuhi, nikatoka saa ya bugali, na sikupiga wimbo hata mumoja. Naziona zile siku mpaka leo: mutu mwenye kidole moja ya kombo anachagua kati ya sauti mia mbili juu ya nyimbo tatu na nusu.

Na sauti zingine hazikuwa na huruma. Zilinionyesha vile napiga. Yesu! Nilikuwa sijajisikia hata siku moja. Marteau ni marteau. Basi nilirudi ku sauti ya redio, nikabaki pale. Mashine yote ile, juu ya kupata kile nilikuwa nacho.

Njo nilianza kuogopa. Niliomba mutoto ya dada yangu aniombee bwana yake redio irudi, hata na njia murefu. Alinitumia foto ku telefone. Redio ilikuwa mu salon, imepakwa mafuta, inangara. Walikuwa wametoa tumbo yote. Malampe, waya, ile tundu Déo alitengeneza, vyote vilitupwa. Ndani waliweka machupa ya vinywaji na glasi. Aliandika chini: tonton, wageni wanapenda sana.

Sasa hapo, mutu mwenye akili angeshuka Luvungi, atafute Déo mu shamba ya muchele, apige magoti. Mimi nilienda kwa menuisier, fundi wa mbao. Alinitengenezea kisanduku ya mbao, kipimo ya redio. Niliweka mashine ndani na bafle ndogo ya kutoa sauti. Juu nilitandika kitenge. Kitenge ilikuwa imebaki, mikiliste hakuitaka.

Mbele nimalize, acha niwaonye, juu kisha hapa sitakuwa na maneno.

Wewe unapiga gitare ya kazi, unasafiri, unacheza mbele ya watu elfu, tafuta ile mashine, iko nyepesi, haichoki, itakusaidia. Lakini wewe wa dimanche, wewe wa kujifurahisha kama mimi, mia mbili ya nini? Jifunze kwanza mwisho ya wimbo wa ine. Ukikuwa na kitu moja inakwaruza, na rafiki moja anajua inakwaruza wapi, umeshiba. Na ukiona kwako hakuna sauti nzuri, uliza vidole, usiulize duka. Na kitu ya mutu, hata kama mutu hayuko, ni ya mutu.

Basi. Déo alirudi Luvungi na mufuko wa muchele kwa ajili yangu. Wa muchele mupya, ile ya kunukia. Niliupokea na mikono mbili.

Dimanche nilifika kwa Maman Zawadi mbele yake. Niliweka kisanduku pale redio inakaaka, nikawasha. Déo aliingia, nilimuambia Papa amefika kitambo, niliwasha mapema. Watu walijibu akaribie. Déo alikaa, tukaanza.

Wimbo wa kwanza ulipita wote. Maman Zawadi, ku moto yake ya kukaanga sambaza, zile samaki ndogo, aliuliza kama redio imeoga leo, anaisikia safi. Watu walicheka, na Déo alicheka, alisema hata yeye anaona papa yake ameamka na nguvu. Mimi nilicheka kushinda wote.

Mu wimbo wa pili courant ilienda. Kama kila siku. Watu waliendelea kunywa. Kisha ilirudi.

Déo, bila kufikiri, aliingiza kiganja chini ya kitenge. Alianza kusimulia kama kawaida, vile papa yake alikuwa anakataza watoto kukohoa saa ya habari. Mashine iliwaka yenyewe kule ndani. Na kidole yangu, hii mupumbavu, iligusa kamba. Sauti ilitoka nzima, yote, mara moja.

Déo aliacha hadisi katikati. Kiganja ilibaki pale. Watu walikuwa wanangojea aseme maneno yake, wengine walikuwa wameisha kufungua kinywa.

"Iko baridi," alisema.

Alitoa kitenge. Alifungua kifuniko. Kioo ilikuwa inawaka ya buluu, na jina ya Kiingereza juu yake. Aliiangalia kama mutu anaangalia karatasi ya munganga, ile haisomeki.

"Papa iko wapi?"

Nilisema yote. Mikiliste, mablanketi, salon, machupa. Sikuficha hata glasi. Na ningenyamaza pale, labda ningeandika hadisi ingine. Lakini nilitaka kujitetea.

"Sauti yake iko humu, Déo. Yote. Ulicheza wimbo muzima naye, na wewe mwenyewe haukutambua."

Ilikuwa kweli. Njo neno najuta kushinda redio. Niliona vile ilimuingia. Aliangalia kiganja yake, akaangalia sikio yangu, sijui juu ya nini sikio, akakunja kitenge mara ine na akaiweka ku bega.

Aliegamisha gitare yake kavu ku kiti. Aliomba Maman Zawadi njia, alikuwa amesimama na sinia. Alisema pardon kwa mutu wa meza ya pembeni juu alimukanyaga. Vile aliacha gitare, tulifikiri anaenda kukojoa tu. Maman Zawadi alifunika sambaza ya Déo na sahani, isipoe. Mimi nilikuwa natafuta maneno ya kumuambia akirudi, na nilikuwa nimepata mazuri.

Hakurudi.