Fronti Kutoka Kongo

Mume wangu alikuwa mwalimu wa jiografia, mtu wa Onduparaka, na kwa heshima alimkwepa mama yangu kama watoto wanavyokwepa sindano. Kwetu Koboko, mpakani na Kongo, mkwe hakai karibu na mama mkwe wala hamtazami usoni. Akiwa na neno, ananipa mimi nilifikishe. Asubuhi ile nilikuwa kisimani nikimtekea mama maji, kwa hiyo alipaza sauti kutoka barabarani, juu ya baiskeli:

"Mama, fronti iko nakuja kutoka Kongo. Jioni itafika hapa."

Akakanyaga pedali, huyo, akaenda zake shule.

Alikuwa ameisikia redioni, na kwa maoni yake alifanya wema, maana simsim ya mama ilisimama uani mafungu kwa mafungu, ikikauka. Lakini mama alikuwa mjane wa askari. Fronti aliyoijua yeye ni moja tu, ile ya bunduki.

Ilipotufikia mwaka 1979, tulivuka mpaka na nguo za mwilini, simsim tukaiacha imesimama vilevile. Mbegu ile alipewa na mama yake, na miaka yote ya ukimbizi aliililia kuliko nyumba. Tuliporudi aliitafuta kwa ndugu mpaka akapata konzi moja. Haya ndiyo yalikuwa mavuno yake ya kwanza.

Basi niliporudi na maji nikamkuta amefunga mizigo: sufuria, mikeka, mswala wa baba. Simsim yote ameikung'uta juu ya turubai, ameitia guniani, na gunia amelikalia.

"Beba mkeka," akaniambia. "Fronti iko nakuja. Safari hii simsim siachi."

"Nani kasema?"

"Bwana yako."

Jamani, nilicheka mpaka maji yakanimwagikia. Nikamweleza kwamba fronti ya mwalimu ni upepo baridi na mvua, basi. Akanitazama kama mimi ndiye niliyekosa adabu.

"Mvua iko na jina yake. Kwa nini anaita vita?"

Alasiri wingu jeusi likaja kutoka upande wa Kongo, upepo mbele, mvua nyuma. Simsim za majirani zikalala matopeni. Yetu ilikuwa ndani.

Mume wangu akaja kunitafuta, amelowa chepechepe, akajibanza nje chini ya ukingo wa paa, kwa sababu mama mkwe yumo. Nilimwonea huruma, nikampenda pia. Mama akageuza kigoda akatazama ukuta, gunia kifuani.

"Ambia huyo mutu aingie."

Akaingia, akachuchumaa mlangoni, macho chini.

"Sasa muulize," mama akasema, bado anatazama ukuta, "fronti ingine iko lini? Ile ya kwanza hakuna mutu alituambia."

Toka siku hiyo, kila asubuhi kabla ya shule, mume wangu alisimamisha baiskeli barabarani, akageuza mgongo kwa heshima, akamtangazia mama yangu hali ya hewa, hata kama ni jua tu.