Siku Stergios Alipotupeleka Mkahawa wa Vioo

Kaka yangu Stergios akikuambia uvae hereni mwende mkahawani, ujue kuna mtu anakufa. Sisemi kwa ubaya. Ni mwanamume mwema, hanywi akapitiliza, hajawahi kuinua mkono kwa mtu, lakini katika miaka ishirini na tisa ya ndoa mkewe hajakalishwa hata siku moja mahali penye kitambaa cheupe mezani. Wao ni watu wa tsipuro, pombe kali ya zabibu, pale bandarini Volos, kiglasi kimoja na kisahani cha pweza, kiti cha mbao, paka miguuni, na saa nne wameshalala. Kwa hiyo wifi yangu Evanthia aliponipigia simu Ijumaa mchana kutoka kazini, mashine za mvuke zikipuliza nyuma yake, nilijua kuna jambo.

"Wifi, kaka yako anasema kesho tunakwenda ule mkahawa wa vioo, kule juu ya maji. Na wewe umo."

"Ule wanaokula mawaziri?"

"Huo huo. Ameniambia nivae hereni."

Nikavuta kiti nikakaa.

"Wifi Vaia, unanisikia? Huyu mtu hajui hata kama nimetoboa masikio!"

"Labda anakupenda," nikasema, na hata mimi nilijisikia mjinga.

"Alikuwa wapi miaka yote? Wamemwambia, wifi. Wamemwambia, naye ananificha." Akakata simu.

Evanthia ni mpiga pasi. Miaka thelathini na moja amesimama katika duka la dobi nyuma ya stesheni, majira ya joto na majira ya baridi, nywele zimelowa mvuke, mikono miekundu hadi viwiko. Akiitazama kola ya shati atakuambia mwenyewe analala nyumbani au halali. Koti likimfikia mkononi, la nani sijui, la askofu hata, kabla hajaliangalia doa vidole vyake vimeshaingia mifukoni: funguo, pete, barua za mapenzi, siku moja meno ya bandia. Kila kitu anakitia katika kimfuko na jina la mwenyewe, wala hamwambii mtu. Isipokuwa mimi. Ana mdomo, wifi yangu, na mimi ninao wangu. Tumegombana tangu siku ya harusi yake na hatujachoka.

Mwezi wa tano alikuwa akivaa sidiria asubuhi, kidole kikagusa kitu chini ya titi la kushoto. Kigumu, ukubwa wa dengu. Alikaa nacho majuma mawili bila kumwambia mtu, mtu huyu asiyeweza kukaa na siri ya meno ya bandia! Nilipojua nilimtukana, kisha nikamshika mkono nikampeleka. Wakampiga picha ya matiti. Daktari akaitazama picha muda mrefu mno, akaagiza sindano ya kuchukua kinyama cha kupima. Majibu Alhamisi.

Tulipotoka alikaa kwenye ngazi za zahanati, akanishika kifundo cha mkono hadi kikauma.

"Ikiwa ni mbaya, utaniambia wewe. Kwa jina lake. Msinifanyie tuliyomfanyia mama."

Maana tulimfanyia. Watu husema mficha maradhi kifo kitamuumbua, lakini kwetu anayeficha si mgonjwa, ni jamaa zake. Daktari huwaita ukumbini, hufunga mlango, huwaambia wao. Kisha wote huingia chumbani wakicheka. Mama yake Evanthia, bibi Asimina, alikuwa na saratani ya ini, nasi tukamwambia ni vidonda vya tumbo. Miezi minane! Evanthia mwenyewe alizipeleka chupa za dawa kazini, akazibandua karatasi zake kwa mvuke, akabandika za dawa ya tumbo, na Stergios alimshikia chupa. Tukampeleka mama hotelini ufukweni. Tukamnunulia koti jekundu. Alikuwa akiuliza, "Mbona hivi vidonda haviponi?" nasi tunamwambia, "Vitapona, mama, kula kwanza." Alikufa akiwa anasubiri vidonda vipone, na hakuna aliyemuaga.

Nikaapa kwa macho yangu mawili kwamba nitamwambia.

Alhamisi Evanthia alishindwa kwenda. Alifika hadi mlangoni na mkoba begani, miguu ikagoma. Stergios akasema atakwenda yeye akitoka bandarini. Akarudi mikono mitupu: hayajatoka, wafanyakazi wa maabara wamegoma, hadi Jumatatu. Kwetu mgomo haumshangazi mtu, nami ningeamini. Lakini hereni?

Basi Jumamosi tukaenda. Jua la Juni lilikuwa bado halijazama, ghuba yote imegeuka rangi ya shaba, na ule mkahawa umejengwa juu ya nguzo ndani ya maji, vioo juu, vioo chini. Ukitazama viatu vyako unaona samaki. Wanawake pale wamevaa migongo wazi. Evanthia amevaa gauni la buluu alilolipiga pasi mwenyewe mara tatu, najua kwa sababu nilikuwapo, na hereni za harusi. Alikuwa mzuri, haki ya Mungu. Ptu, ptu, ptu, asije akapatwa na jicho.

Mhudumu akamvutia kiti. Alikuwa mrefu, na ndevu zimechongwa.

"Wifi," akaninong'oneza, "huyu kijana shati lake limepigwa pasi na mtu mwenye hasira."

Nikacheka. Naye akacheka, kisha akaficha uso nyuma ya orodha ya vyakula.

Vikaja vyakula. Samaki mbichi amekatwa mwembamba hadi unaona ua la sahani, na matone ya balungi juu yake. Kamba wawili, wawili tu, wamelala juu ya kitu cha kijani. Mimi nikauliza kama hiki ndicho chakula au ni picha yake. Lakini Evanthia alitia kamba mmoja mdomoni, akafumba macho.

"Panagia wangu, Mama wa Mungu," akasema taratibu. "Vaia, onja. Onja hiki."

Na huo ndio ukweli, alikuwa akifurahia. Anaogopa na bado alikuwa akifurahia, anapangusa sahani kwa mkate bila haya, anakunywa divai nyeupe, mashavu yamekuwa mekundu. Kila alipomaliza kitu Stergios alimsukumia cha kwake. "Kula, mke wangu. Kula na hiki." Hajawahi kumwita mke wangu mbele za watu, humwita "wewe". Kila alipolitamka neno lile niliona mkono wa Evanthia ukipanda kifuani kisha ukishuka.

Aliniinamia. "Mama tulimpa mguu wa kondoo. Unakumbuka? Tulikaa tunamtazama akila, hivi hivi."

Stergios akainuka ghafla. Akasema anakwenda kuvuta sigara. Koti akaliacha kwenye kiti, kwa maana joto lilikuwa kali na shati limemganda mgongoni. Nikahesabu hadi kumi nikamfuata.

Nilimkuta kwenye kibaraza, sigara haijawashwa.

"Sema," nikamwambia. "Umeyachukua majibu au hujayachukua?"

"Vaia, niache."

"Nitapiga kelele hapa hapa. Unanijua."

Ananijua. Akatazama maji. "Nimeyachukua. Alhamisi. Yako kwenye koti. Lakini sijafungua bahasha, nakuapia kwa mifupa ya mama yetu. Niliogopa. Nikasema kwanza tule, mara moja katika maisha tule kama watu, Jumatatu tutaifungua kwa daktari."

Hajafungua! Basi hajui, basi huenda si kitu, huenda ni uvimbe wa mafuta kama ule wa shangazi. Nilimkumbatia kaka yangu, nikambusu kipara. Nilimwita punda, nikambusu tena.

Tukarudi mezani, mimi natabasamu. Evanthia alikuwa amelipakata koti la mumewe. Sidhani hata alikusudia. Koti limeachwa mbele yake, mikono ikafanya kazi yake ya miaka thelathini na moja. Kando ya sahani alikuwa amepanga funguo, tasbihi ya kaharabu, kijiti cha meno, na bahasha nyeupe yenye jina lake.

"Ni hiyo," Stergios akasema upesi. "Nilitaka kukwambia. Haijafunguliwa, tazama, ina gundi yake. Jumatatu, sisi wote..."

Evanthia alikuwa akiitazama gundi. Aliishika bahasha kwa vidole viwili. Akapitisha kidole gumba juu ya mdomo wa bahasha uliobandikwa gundi, polepole, kutoka pembe hadi pembe. Akarudia. Kisha akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, na sasa hata mimi niliona: karatasi ilikuwa imefanya mawimbi pale mdomoni, madogo madogo, na imekakamaa.

"Mvuke wa kibirika cha kahawa?" akauliza.

Stergios akashika mgongo wa kiti.

"Hukuiacha ikauke chini ya kitabu, Stergios. Ndiyo maana imejikunja. Mimi ndiye niliyekufundisha, nilikwambia chini ya kitabu."

Kaka yangu akaketi. Mtu mzima, fundi wa winchi, mikono kama majembe, akaziba uso kwa kitambaa cha mkahawa na mabega yakaanza kutikisika. Nami nilitaka kumpiga. Mifupa ya mama! Ameapa kwa mifupa ya mama, mbele ya bahari! Halafu hasira ikanitoka yote kwa mara moja, kwa sababu mtu halilii bahasha yenye habari njema.

Evanthia akaichana, akatoa karatasi. Hakuisoma. Alinyoosha mkono akanipa mimi.

"Uliapa," akasema.

"Evanthia, twende nyumbani kwanza."

"Hapa."

"Daktari ndiye anayejua kueleza..."

"Vaia. Kwa jina lake."

Maandishi yalikuwa yakicheza. Nilisoma jina lake, jina la baba yake, mwaka aliozaliwa. Titi la kushoto. Kisha mstari wa chini. Ulimi wangu huu, ambao hakuna aliyewahi kuunyamazisha, ulikuwa mzito kama si wangu. Nilijua nikisema uvimbe wa mafuta ataniamini, kwa usiku mmoja ataniamini, naye atamaliza divai yake. Neno la uongo lilikuwa tayari mdomoni, halina uzito wowote. Nikamtazama, naye alikuwa ananitazama mdomo, si macho.

"Saratani," nikasema. "Ni saratani, wifi. Sentimita moja na nusu. Hawajaandika kwamba imekwenda mahali pengine. Wanataka wakuone Jumatatu."

Katika ukoo wetu hakuna mgonjwa aliyepata kulisikia neno hilo kwa kinywa cha mtu wake. Mimi ndiye wa kwanza kulisema, na sitaki kuwa wa kwanza tena.

Alitikisa kichwa, mara moja, mara mbili. Rangi ilimtoka hata midomoni. Akashika ukingo wa meza.

"Naogopa," akasema. Hakupunguza sauti; watu wa meza ya jirani wakageuka. "Stergios, toa hicho kitambaa usoni unitazame. Naogopa sana. Sitaki kufa."

Kaka yangu akatoa kitambaa. Alimshika mikono yote miwili juu ya vile visahani, tasbihi ikaanguka chini ya kiti, na hakuna aliyeiokota. "Na mimi," alikuwa akisema, "na mimi, na mimi," hakuwa na jingine.

Na hapo taa zikapungua.

Nikadhani ni macho yangu. Kumbe ni wahudumu, sita au saba, wanatoka jikoni kwa mstari, yule mwenye ndevu mbele amebeba keki ndogo na fataki inarusha cheche. Wanakuja kwetu. Siku ya kuzaliwa ya Evanthia ni Januari!

"Nilikuwa nimewaambia hivyo," Stergios akasema, sauti imekauka. "Jumamosi walikuwa wamejaa. Nilisema ni siku yako ya kuzaliwa, ndipo wakanipa meza. Nitawafukuza. Ngoja niwafukuze."

Hakuwahi. Walishatuzunguka, wanapiga makofi, na mkahawa mzima ukapiga makofi pamoja nao, wale wanawake wa migongo wazi na waume zao. Mhudumu akaiweka keki juu ya ile karatasi niliyokuwa nimeilaza mezani, hakujua, na wote wakapaza sauti kama desturi yetu ilivyo:

"Uishi miaka mingi!"

Makofi yakaisha. Fataki ikazimika, moshi ukabaki. Wahudumu wakawa wanasubiri acheke, au aseme asante, ili warudi kazini. Evanthia aliwatazama mmoja mmoja, machozi yanateremka hadi kidevuni, wala hakuyapangusa.

"Semeni tena," akasema.

Yule kijana wa ndevu akaduwaa, akawatazama wenzake.

"Semeni tena. Kwa nguvu."

Wakasema tena. Nikasimama nikasema nao.