Mkwe Aliyeacha Chungu Kimejaa

Nikikosa usingizi siku mbili, najiona naweza kulima kutoka Kasulu mpaka Kibondo kabla ya chai. Baadaye naporomoka, hata kijiko kinanishinda. Siku hizi maradhi haya yana jina refu. Miaka ya sabini kwetu jina lilikuwa fupi: wazimu. Mganga wa zahanati alinipa sharti gumu kuliko vidonge vyake vyote: ule, ulale, uamke saa zilezile, hata mbingu ikianguka. Nikalishika. Hata shule ya jioni niliimaliza nikitoka mbio kabla mwalimu hajafuta ubao.

Ndipo nikaenda kijiji cha Kitahana kuposa. Kwetu Waha, mposaji hunywa pombe ya ndizi na wakweze kwenye chungu kimoja, kila mtu na mrija wake, na haondoki mtu kabla hakijakauka. Ukiondoka, umeitukana pombe yao na binti yao. Na chungu kile, haki ya Mungu, ndama angeogelea!

Ilipofika saa mbili usiku nikasimama.

"Wazee wangu, saa yangu ya kulala imefika."

"Tumeletewa kuku!" mjomba wa binti akaangua kicheko. "Giza likiingia tu, anatafuta banda!"

Mshenga wangu akanivuta shati. "Keti, bwana, utatukosesha mke!"

Nilijua. Na yule binti nilimtaka mpaka meno yaliniuma. Lakini mara ya mwisho kukesha, msibani, ndugu zangu walinirudisha nyumbani nimefungwa kamba. Ningemwoaje na kamba mikononi?

"Baba," nikamwambia baba yake, "ukininyima binti, nitalia kesho mchana. Usiku nina kazi ya kulala."

Nikaenda kulala kwa jamaa ya mshenga, jirani tu.

Alfajiri nikarudi kuaga. Wazee walikuwa wamelala huku na huko kama magunia ya maharage.

"Mwakeye!" nikawaamkia Kiha, kwa sauti ya kuamsha kijiji.

Baba yake akafumbua jicho moja. "Polepole, kichwa kinaniuma. Binti hatukupi. Watu watasema nimemwozesha kwa kuku."

"Waache waseme!" Mama yake alikuwa mlangoni na ufagio. "Mwanamume anayerudi nyumbani mapema kila jioni, nimwache apite? Ninyi huwa mnarudi lini?"

Baba yake akafumbua jicho la pili, akaanza kutaja mahari.

Siku ya harusi, saa mbili usiku, niliaga. Bibi harusi akabaki akicheza, ngoma zikalia mpaka kukapambazuka, na mimi, bwana harusi, sikumwomba mtu radhi.